Shule Waliyoisema Vibaya

Mtu akikwambia kwamba Tuda wa Moha aliachishwa shule na baba yake, mwambie afunge mdomo, hajui kitu. Pale kijijini Tizlit wanapenda kusema hivyo kwa sababu Moha ameshakufa na hawezi kujibu, na kwa sababu alikuwa na masharubu mazito na sauti ya kufokea nyumbu, basi inawaingia akilini upesi kwamba alimfokea na bintiye. Lakini Moha alitoa neno lake mbele ya wanaume wenzake siku aliyomwandikisha. Alisema, "Shule ikiwa hapa mlangoni pangu, binti yangu atasoma mpaka achoke mwenyewe. Siku ikihamia mbali, basi. Simpeleki mtoto wa kike kulala kwa watu." Na mlangoni ilikuwa kweli. Ukitoka kwa Moha ulivuka mfereji wa maji ya mashamba, ukapanda kidogo, ukafika.

Shule yenyewe, jamani, ilikuwa chumba kimoja. Wadogo walikaa upande wa mlango, wakubwa upande wa jiko la kuni, na mwalimu mmoja akizunguka katikati, huku anafundisha kuhesabu, kule anasomesha Kurani, huku tena anamfuta kamasi mtoto wa mtu. Choo hakikuwepo. Wavulana walikwenda nyuma ya ukuta, wasichana walipanda mpaka kwenye majabali. Huko juu kwenye milima ya Atlas theluji hufunga njia, na asubuhi za baridi kila mtoto alikuja na gogo lake kwapani kwa ajili ya jiko. Asiye na gogo alikaa karibu na mlango, akatetemeka huko na aibu yake.

Mwalimu wao aliitwa Anwar. Alitoka Meknes, mwembamba, mtu wa mjini asiyeijua baridi, alivaa makoti mawili moja juu ya jingine na bado pua yake ilikuwa nyekundu mwaka mzima. Mkate alipelekewa kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Walimcheka alivyotembea kwenye barafu, ameinua mikono kama kuku anayetaka kuruka. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo watoto hawakuicheka. Mtoto akipatia swali gumu, Mwalimu Anwar alikwenda dirishani, akalifungua hata kama theluji inaanguka, akaita jina la mtoto huyo kwa sauti yake yote kuelekea mlimani. Na mlima ukalirudisha. "Tudaaa!" halafu kimya kidogo, halafu kutoka ng'ambo, "...daaa!"

Nyumbani kwao Tuda hakuna aliyewahi kumwita ila kumtuma. Tuda lete maji, Tuda shika mtoto, Tuda ng'ombe huyo anakula shayiri. Kule shuleni jina lake lilikwenda mlimani likarudi, na halikutaka maji wala kuni. Ndiyo maana alijua kuhesabu kuliko wote, na Kiarabu alikisema vizuri kuliko wenzake, ambao kama yeye walizaliwa na Kiamazighi kinywani. Aliipenda shule ile kupita kiasi. Nalisema mimi, maana yeye alinyamaza.

Bibi yake, Bi Hadda, alizichukia kelele zile. "Huyo mwalimu wenu ana akili kweli?" alikuwa akisema kila akiusikia mlima ukiita. "Anawatangaza watoto wa watu! Analiita jicho la husuda liwaone!" Msicheke. Nyumba ile ilikuwa na sababu yake. Tuda alipokuwa na miaka saba, mama yake, Rabha, alijifungua mtoto wa kiume, Lahsen, mnene, mashavu ya kumega. Akapita mwanamke mgeni anauza vitambaa, na Rabha kwa furaha yake akamfunua mtoto. "Tazama, umeshaona mzuri kama huyu?" Yule mwanamke akatazama, akacheka, akasema hajaona. Hakusema tabarakallah, neno la kumkinga mtoto na jicho. Kabla theluji haijayeyuka Lahsen alikuwa ameshazikwa. Mimi naamini kilikuwa kifua, na zahanati iko bondeni, na njia ilikuwa imefungwa. Lakini Bi Hadda alimwambia mkwewe ana kwa ana, udongo wa kaburi bado mbichi, "Umemuuza mwanao kwa mdomo wako." Tuda alikuwa amesimama pale pale, ameshika upindo wa nguo ya mama yake.

Tangu hapo ukimuuliza Rabha habari za ng'ombe wake, amekonda. Shayiri yake imeliwa na wadudu. Binti yake mvivu, tena sura yake mbaya. Si yeye peke yake, Tizlit nzima ndivyo walivyo. Mtoto mzuri wanamwita panya, na mgeni akiingia wanatupia shuka juu ya kitanda cha mtoto kabla hawajamwambia karibu. Kitu unachokipenda unakificha, unakitukana kidogo, kinabaki chako.

Basi mwaka Tuda alipofika darasa la nne, Mwalimu Anwar aliingia darasani anasugua mikono, furaha tupu. "Kesho kutwa tuna wageni kutoka serikalini. Watawauliza mnapenda nini na hampendi nini katika shule yenu. Mimi nimeomba choo na mwalimu wa pili, pengine Mungu amesikia. Nataka kitu kimoja tu kwenu. Mseme ukweli, msiwaogope."

Watoto walitoka wakijipanga maneno njiani.

"Mimi nitawaambia napenda shule kwa sababu nikiwa humo mama hawezi kunituma maji," alisema Yamna, rafiki yake Tuda.

"Ukweli gani huo!" Zayd akacheka, mvulana mrefu mwenye domo. "Mimi nitasema nachukia kugawanya. Kugawanya kumeletwa na shetani. Lakini mwalimu ananiita Bwana Zayd. Nani mwingine ananiita bwana? Mbuzi wangu hawaniiti bwana."

"Mbuzi wako wanakuita ndugu yao," Yamna akamjibu, na wote wakacheka mpaka Bassu, mdogo wa darasa la kwanza, akaanguka kwenye matope.

Bassu aliinuka, akasema kwa upole wake, "Mimi napenda akimenya chungwa. Anampa kila mtu kipande."

"Na wewe Tuda?"

Tuda akaona haya. "Dirisha," akasema.

Hawakumuuliza zaidi. Kila mmoja alijua.

Bi Hadda alikuwa ameketi kizingitini anachambua sufu, na masikio yake, mashallah, yalikuwa bora kuliko miguu yake. Akawaita. "Njooni hapa. Wageni gani hao?"

"Wa serikali, bibi. Wanakuja kwa gari mpaka chini, kisha nyumbu."

"Watu msiowajua, wanatoka msikokujua, mtasimama mbele yao mkawaonyesha kitu mnachokipenda?" Akaiweka sufu chini. "Mmesahau Lahsen? Haya, wewe Tuda, umemsahau ndugu yako?"

"Sijamsahau, bibi."

"Basi wewe mkubwa, wewe mwenye ulimi. Wakiuliza, shule mbovu. Mwalimu hafai. Wakaondoke na macho yao."

Tuda alilala akifikiri. Mwalimu alisema mseme ukweli, na mwalimu hakosei. Lakini mwalimu ni mtu wa mjini, anajua nini kuhusu jicho? Hata kutembea kwenye barafu hajui. Mwishowe akaona kwamba yeye ndiye atakayemlinda mwalimu bila mwenyewe kujua. Akalala usingizi mzuri, maskini.

Wageni walikuwa wawili, bwana wa makamo mwenye koti refu, na bibi mwenye viatu vya mjini vilivyolowa. Walikuwa watu wazuri, nisiwasingizie. Yule bibi aliwapa watoto biskuti na kuwashika vichwa, na hilo tu liliwatisha wasichana nusu yao. Kisha bwana akamwambia Mwalimu Anwar, kwa adabu, atoke nje kidogo ili watoto waseme kwa uhuru. Mwalimu akatoka akiwakonyeza.

"Haya, wanangu," bibi akaanza, "mnapenda nini katika shule yenu?"

Kuni zilipasuka jikoni.

"Msiogope. Kitu chochote."

Bassu, aliyekuwa amejibana kando ya Tuda, akainua kidole, uso wote unang'aa. "Mimi napenda..."

Tuda akamkanyaga mguu. "Anapenda kwenda nyumbani," akasema kwa Kiarabu chake kizuri, na darasa likacheka.

Bibi naye akacheka. "Na wewe je? Naona wewe ndiye msemaji wao. Unapenda nini?"

"Hakuna."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Jiko linatoa moshi, macho yanatuuma. Paa linavuja pale, na pale. Choo hakuna, tunapanda majabalini na wavulana wanatupigia miluzi." Yote hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yalitoka bila shida. Zayd aliyekuwa akipiga miluzi hiyo alitazama viatu vyake.

"Na mwalimu wenu?" akauliza bwana. "Anafundisha vizuri?"

Hapo Tuda alimwona mwalimu kupitia kioo cha dirisha, amesimama nje na makoti yake mawili anapiga miguu chini kwa baridi. Akamwona na Lahsen, amefunuliwa mbele ya mgeni.

"Anapiga kelele," akasema.

"Kelele? Anawagombeza?"

"Anafungua dirisha wakati wa baridi, anapiga kelele. Mlima mzima unasikia."

Wageni wakatazamana. Bwana akawauliza wengine kama ni kweli kwamba mwalimu hupiga kelele, na wengine, waliokwisha kuelewa, wakaitikia wote kwa pamoja kwamba ndiyo, ni kweli. Yamna akaongeza kwamba ni kila siku.

Tuda alitoka pale amevimba kifua. Alimsimulia Bi Hadda neno kwa neno, na Bi Hadda akamkumbatia, akamchemshia yai, kitu alichofanyiwa mvulana aliyetoka jandoni na si msichana wa kawaida siku ya kawaida. Tuda akalila taratibu, na chumvi yake, amekaa kizingitini anaitazama shule yake. Walikuwa wameificha vizuri.

Jibu lilikuja wakati shayiri inaanza kuwa ya njano. Mukaddam, mjumbe wa serikali pale kijijini, alipita nyumba kwa nyumba akitabasamu, akidhani ameleta heri. Bondeni imejengwa shule kubwa yenye mabweni, choo na jiko lisilotoa moshi. Shule ya Tizlit inafungwa, watoto wote watahamia huko. "Na nyinyi mna bahati," alimwambia Moha. "Walikuwa hawajaamua wafunge ipi kwanza, yenu au ya kijiji cha ng'ambo. Kule watoto walilia wakasema wanaipenda yao, basi wameachiwa kwa muda. Hawa wenu walisema wenyewe kwamba hawaitaki."

Moha alimgeukia bintiye. Ajabu ni kwamba hakufoka. "Ulisema hivyo?"

"Nilidanganya, baba. Tunaipenda. Nilisema vile ili isipatwe na jicho. Baba, nenda ukawaambie."

Na alikwenda! Hili watu wa Tizlit hawalitaji. Moha aliacha shayiri yake shambani, akashuka mpaka ofisini bondeni na wanaume wengine wawili, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mtu aliyewapokea akawasikiliza, akawauliza kwa nini mtoto aseme kitu ni kibaya ikiwa anakipenda. Moha akaeleza. Yule mtu, mtoto wa mjini, akacheka kidogo, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Alisema mambo yameshapita.

Moha alirudi jioni, akavua viatu, akakaa. Tuda akamletea maji ya kunawa, na hakuondoka na birika.

"Basi nipeleke huko bondeni, baba. Nitalala na wasichana wenzangu. Sitafanya aibu."

"Nilisema nini siku ile?"

"Ulisema ikihamia mbali, basi."

"Nilisema mbele ya watu, Tuda." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mbona hukuwaambia tu, mwanangu? Neno moja."

Bi Hadda alikuwa kwenye kona yake na sufu yake. Hakuinua uso. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakulitaja tena jicho mbele ya Tuda, na kusema kweli hilo lilimwumiza Tuda zaidi, maana alibaki nalo peke yake.

Siku Mwalimu Anwar anaondoka, godoro lake lilifungwa juu ya nyumbu na sanduku lake upande mmoja. Watu walimletea mikate na siagi kama vile ilikuwa zamu ya kila nyumba kwa mara moja. Watoto walisimama kando ya mfereji. Alimpa kila mmoja mkono, wavulana kwa wasichana. Akampa Bassu chungwa zima. Alipofika kwa Tuda akachutama ili wawe sawa.

"Tuda, nikuulize. Sina hasira. Walinisomea yale mliyoyasema. Hakukuwa na kitu hata kimoja ulichokipenda?"

Ilikuwa nafasi yake, na alikuwa nayo mdomoni. Dirisha, mwalimu. Nilipenda dirisha. Lakini njia ya kushukia bondeni ile hupita ukingoni mwa genge, nyumbu mmoja baada ya mwingine, na mwaka uliopita mwanamume mzima aliteleza pale akafa. Mtu anayeanza safari kama hiyo humsifii. Tizlit hakuna anayethubutu. Angesema "nilikupenda" halafu nyumbu ateleze, angekwenda wapi na roho yake? Akatazama chini.

"Moshi ulikuwa mwingi," akasema.

Mwalimu Anwar akatikisa kichwa polepole. "Ni kweli. Ulikuwa mwingi." Akainuka, akapangusa magoti. "Na zile kelele zangu mnisamehe. Nilidhani mnazipenda."

Akaondoka nyuma ya nyumbu wake, ameinua mikono kidogo ingawa hapakuwa na barafu. Tuda alimfuata kwa macho mpaka kwenye genge, akavuka salama, akazidi kumfuata mpaka akawa kidoa. Wakati huo sasa angeweza kusema, lakini kwa nani? Bassu alikuwa anamvuta mkono, anamtaka amenye chungwa.

Zayd alikwenda bondeni, na leo ni fundi umeme mjini Khenifra. Bassu alikwenda. Yamna na Tuda na wasichana wengine wote walibaki na maji na kuni. Tuda aliolewa na miaka kumi na saba, na Ali, kijana mpole mwenye nyuki, hana la kulalamikia kwake. Kusoma hakukumtoka kabisa. Husoma maandishi kwenye mfuko wa sukari na kwenye dawa za mama yake, polepole, kidole chini ya neno. Chumba cha shule alichukua kaka yake Yamna, akafungia mbuzi. Kisha, miaka kumi imeshapita, barabara ikaja. Barabara, lo! Sasa gari la shule linasimama chini ya mfereji kila asubuhi, na Ijja, binti wa Tuda, anapanda na kurudi jioni. Tuda hulitazama gari lile kwa macho mawili tofauti, moja linashukuru.

Juzi kati walipata mgeni, mwanamke kijana wa chama fulani kinachosaidia watoto wa milimani. Rabha, ambaye tangu Moha afariki anakaa kwa Tuda na sasa ndiye bibi wa nyumba, alimkaribisha kwenye zulia. Tuda alikuwa anamimina chai. Mgeni akamgeukia Ijja.

"Na wewe mrembo, shule unaipenda?"

"Mbaya," Ijja akajibu bila kusita. "Mwalimu mfupi, na chakula hakina chumvi."

Rabha akatikisa kichwa, ameridhika. Mgeni akaguna kwa huruma. Tuda akaiweka birika chini kabla glasi haijajaa.

"Anaipenda," akasema.

"Tuda!" mama yake akamkemea.

"Anaipenda kupita kiasi. Asubuhi haamshwi, anafika gari bado halijaja. Analala na kitabu, mimi ndiye ninayekitoa mkononi. Mwalimu wake anampenda, nyumba nzima tumechoka kusikia habari zake." Akamgeukia mgeni. "Wewe dada, ukifika huko, ukiulizwa, sema hivyo hivyo."

Rabha alikuwa ameshamvuta Ijja na kumfunika kwa shali lake, anasoma sura ya kinga, Kul-audhu, midomo inakwenda mbio. "Unataka kumzika na huyu? Nyamaza!"

"Nilishanyamaza, mama."

Mgeni alikuwa hajui aangalie wapi. Akasema jamani yeye alikuwa anauliza tu. Tuda akamwomba radhi, akasema nanaa ya chai haitoshi, akatoka.

Nanaa inaota kando ya mfereji. Lakini alipanda kidogo, akafika kwenye chumba kile. Mbuzi walikuwa malishoni. Dirisha halina kioo tena, limezibwa nusu kwa mbao, na ndani kuna samadi mpaka pale walipokuwa wakikaa wadogo. Akasimama dirishani akiutazama mlima. Mwanamke mwenye mume hapigi kelele huko kwetu, majirani wangetoka mbio wakidhani kuna msiba. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye kando yake, "Mwalimu Anwar, nilipenda dirisha." Akangoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja zamani. Sauti ile ilikuwa ndogo mno, mlima haukurudisha kitu. Akachuma nanaa yake, akarudi kumaliza kumimina chai.